Sura ya Sita: Nukta Nyekundu ya Jumapili

Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Njombe, Sajenti Oktavia Nyagawa alitandika turubai chini ya mtufaa na kumwaga juu yake nusu gunia la majani.

Gunia hilo lilikaa siku mbili katika chumba cha vielelezo bila mtu kulifungua. Lilifungiwa kikaratasi kilichoandikwa: "Majani ya mti, yalikutwa kando ya marehemu." Basi. Askari gani anapoteza asubuhi yake kwa majani? Lakini kesho yake saa tatu kuna mtu angepandishwa kizimbani kwa kesi ya mauaji, na jalada la mtu huyo Oktavia alikuwa amelisoma mara tatu bila kuridhika.

Jalada lilisema hivi. Mzee Fidelis Mlowe, mkulima wa matufaa mwenye miaka sitini na tisa, mgane aliyeishi peke yake, alikutwa Jumamosi alfajiri amelala chini ya mti huu, ngazi imeanguka kando yake, gunia la majani hatua mbili kutoka kichwani. Mwanzoni kila mtu alisema ni ajali. Wakulima wa matufaa wa huku hunyonyoa miti yao kwa mkono baridi inapokolea, kwa kuwa mtufaa usioonja theluji hausinzii wenyewe. Ukiuvua majani unadhani umelala, kisha unaamka na maua. Mzee alikuwa ananyonyoa, wakasema, ngazi ikateleza.

Daktari hakukubali. Jeraha lilikuwa kisogoni, la chuma chenye ukingo, na chini ya mti kulikuwa na nyasi tupu. Alipoulizwa siku ya kifo alitikisa kichwa. Baridi ya Julai huku ni kama friji, alisema. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa tatu.

Siku ikawekwa na shahidi. Amon Mwalongo, mkwe wa marehemu, mwenye duka la pembejeo Makambako, alieleza kwamba Ijumaa saa tisa alasiri alipita shambani akamkuta mzee juu ya ngazi ananyonyoa. Walisalimiana, akaondoka. Tangu saa kumi na moja alikuwa Makambako kwenye kikao cha ujenzi wa kanisa, na watu ishirini walithibitisha. Saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa hiyo hiyo, Yusto Sanga, fundi wa kubebesha miche wa mzee Fidelis, yaani wa kuunga kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, alirudi shambani kutoka msibani kwao Ipelele. Alilala kwenye kibanda cha shambani, na asubuhi ndiye aliyepiga simu polisi. Wiki mbili nyuma, yeye na mzee walisikika wakifokeana.

Kama mzee alikufa Ijumaa jioni, Yusto hakuwa na pa kutokea. Mkuu wa upelelezi aliona kazi imekwisha.

Oktavia alivaa miwani ya kusomea, akachuchumaa, akaanza kutenga majani, yaliyo mazima huku, yenye kasoro kule.

"Kamwene, afande."

Sauti ilitoka kwenye ua wa michongoma. Alikuwa Mama Tabea, jirani wa shamba la pili, mwenye sweta mbili, kitenge na mabuti ya mpira.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Unatafuta nini humo? Dawa ya kikohozi?"

"Nikiipata nitakugawia. Mama, mara ya mwisho kuuona mti huu una majani ni lini?"

Mama Tabea aliutazama mti uliokuwa mtupu kama fito. "Alhamisi jioni. Ulikuwa nayo yote."

"Alhamisi jioni ulikuwa humu unafanya nini?"

"Napita tu."

"Njia ya kwako haipiti humu."

Mama alikohoa kikohozi ambacho hakikuwepo. Oktavia aliendelea kutenga majani bila kumtazama. Alikwisha kujifunza kwamba mtu huongea zaidi na kisogo kuliko uso.

"Nilikuja kuchukua mbolea," mama akasema mwishowe. "Samadi ya ng'ombe. Ndoo mbili. Nilipiga hodi, nikapiga tena, nikasema labda kaenda mjini. Fidelis angenipa tu."

"Kwa hiyo Alhamisi hukumwona."

"Sikumwona."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nilikuwa mnadani tangu asubuhi."

"Mbona kwenye maelezo yako hakuna habari ya Alhamisi?"

"We afande! Nimwandikishe nani kwamba nimeiba mavi?"

Oktavia alicheka kidogo, lakini neno hilo alilitia moyoni. Mwanamke anayeona aibu ya ndoo mbili za samadi hana sababu ya kuitunga. Au anayo, kama ndoo zinaficha kitu kikubwa kuliko ndoo. Aliandika: *Tabea. Alhamisi jioni. Mti una majani, mzee haonekani.* Kisha akaweka alama ya kuuliza.

Ndipo alipoinua jani moja na kulielekeza kwenye mwanga.

Ndani ya jani kulikuwa na njia. Ilianza karibu na mshipa wa kati, nyembamba kama uzi, nyeupe. Ikapinda, ikazunguka, ikapanuka taratibu, na katikati yake palipita mstari mweusi mwembamba, kinyesi cha mdudu aliyekuwa akila huku anakwenda. Hii ni kazi ya kidomozi, mtoto wa nondo mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye huanguliwa juu ya jani, akalitoboa, akaishi kati ya ngozi yake ya juu na ya chini bila kutoka nje. Hahami jani. Akizaliwa humo, safari yake yote ni humo.

Hayo Oktavia aliyajua, kwa kuwa kwao walilima matufaa. Asichokijua ni nukta. Juu ya njia hiyo, kwa kalamu ya wino, mtu alikuwa ameweka vidoa vidogo vilivyofuatana: bluu nyingi, kisha nyekundu, kisha bluu tatu.

"Mama Tabea, hebu njoo uone hiki."

Mama alisogea, akaliweka jani mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake. "Aa! Kalamu ya Fidelis hiyo. Kila alfajiri, kabla hata ya chai. Anaweka nukta pale mdudu alipofikia usiku. Siku za kazi bluu, Jumapili nyekundu. Nikamwuliza, nyekundu ya nini? Akasema Jumapili ni ya Bwana, hata mdudu aijue." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Alikuwa hivyo, Fidelis."

"Aliwahi kuruka siku?"

"Siku anazika mkewe aliweka. Mimi mwenyewe nilimwona, na suti ya msiba."

Oktavia alirudi kwenye turubai kwa mikono yenye haraka zaidi. Ilipofika saa nne alikuwa na majani kumi na manne yenye nukta. Aliyapanga mstari mmoja. Yote kumi na manne yalikuwa na nukta nyekundu karibu na mwisho, na baada ya nyekundu, bluu tatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Na baada ya bluu ya tatu, njia iliendelea. Alichukua kijiti cha kiberiti akapima. Kati ya nukta na nukta palikuwa na unene wa kijiti kimoja, mahali pengine kimoja na kidogo. Kutoka nukta ya mwisho hadi kichwani mwa njia palikuwa na vijiti viwili. Jani la kwanza, viwili. La pili, viwili. La tisa, viwili na nusu.

Jani moja linaweza kudanganya. Kumi na manne hayawezi kukaa kikao yakapatana.

Kulikuwa na jambo lingine asilolielewa. Kwenye kikonyo cha karibu kila jani palining'inia kitu kidogo cha kahawia, kama punje, pamoja na kijipande cha ganda la tawi. Aliyatia majani kwenye bahasha, akamuaga mama, akaondoka.

* * *

"Mkinga gani wewe, miaka yote unabebesha miche ya watu badala ya kufungua duka?" Askari wa zamu alikuwa akimtania Yusto huku akimwingiza chumba cha mahojiano. "Ungekuwa Kariakoo saa hizi, siyo mahabusu."

Yusto Sanga aliketi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, vidole vyake vimejaa makovu ya kisu cha kubebeshea. Oktavia alimsukumia jani moja mezani bila salamu.

Yusto aliliinua, akaligeuza, na uso wake ukabadilika. Lakini haukuwa uso wa hofu. Alikuwa amekasirika.

"Nani kaunyonyoa mti wa hesabu?"

"Ndio upi huo?"

"Huo ambao mzee alikuwa anahesabu vidomozi wake. Haukuwa unaguswa! Mpaka Agosti, mpaka nondo wote watoke au wafe."

"Ijumaa uliingia shambani. Hukuuona uko mtupu?"

"Niliingia giza linashuka, nikapitia nyuma, kibandani. Nikajua mzee kalala. Asubuhi nilimwona yeye yuko chini, afande. Nani anaangalia mti?"

Oktavia aliandika. Jibu lilikuwa zuri. Majibu mazuri humpa askari kazi kuliko mabaya.

"Anahesabu ili iweje?"

"Mkwe wake alishasema shamba lina ugonjwa, lifyekwe lote, wapande parachichi. Mzee akasema kidomozi haui mti, kuna nyigu wadogo wanaomla humo humo ndani ya jani. Akataka kumwonyesha bwana shamba kwa ushahidi. Hakuwa na daftari. Aliandika kwenye majani yenyewe."

"Na nyinyi mligombana nini?"

"Mti huo huo. Nilitaka kukata vitawi nipeleke Ipelele nikabebeshe. Akanifokea kwamba jani hata moja lisitoke."

Oktavia alimwonyesha ile punje ya kahawia kwenye kikonyo. "Na hili?"

"Jicho." Yusto aliligusa kwa ncha ya ukucha. "Hapa ndipo ua la mwaka kesho linapotokea. Ukinyonyoa unashika jani, unalisukuma kuelekea ncha ya tawi, linakatika lenyewe, jicho linabaki. Huyu kavuta kuelekea chini, kama mtu anachuma mboga. Kaondoka na jicho na ganda. Mti umepofuka."

"Wewe unajua kunyonyoa vizuri. Anayejua anaweza kukosea makusudi."

"Gizani? Mti ule ni kazi ya nusu siku, afande, kwa anayejua." Alirudisha jani mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia. "Mzee alinifundisha hivyo mwenyewe. Ukitoa jicho moja alikuwa anakunyima chai."

Oktavia alitoka chumbani akapiga simu Ipelele. Mwenyekiti wa kijiji alijibu kwa sauti ya juu, kama mtu anayeongea kutoka mlima mmoja hadi mwingine.

"Yusto? Jumatano alikuwa kaburini, anachimba! Alhamisi yuko msibani, anakula! Ijumaa asubuhi nimempandisha gari mimi mwenyewe. Kafanya nini?"

"Labda hakufanya kitu, mwenyekiti."

Mkuu wa upelelezi alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza kusikiliza, aliyatazama majani kumi na manne yaliyopangwa juu ya meza yake.

"Sajenti, unataka nimwambie hakimu kwamba shahidi wangu ni funza?"

"Funza na kalamu, afande. Mzee ambaye hakuruka siku hata alipozika mke, Alhamisi alfajiri hakuweka nukta. Mdudu aliendelea kutembea siku mbili peke yake, mpaka Ijumaa jani lilipong'olewa. Aliyeling'oa siyo mzee. Mzee alikwisha kufa tangu Jumatano."

"Na mwili ulikuwa wapi siku mbili hizo?"

"Ghala la matufaa liko tupu msimu huu, na lina baridi kuliko nje."

"Halafu huyo Amon aliongea na nani Ijumaa?"

"Ndilo ninalotaka kwenda kumwuliza."

Mkuu alivaa kofia. "Una mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo nasaini karatasi za Yusto."

* * *

Duka la Amon Mwalongo lilikuwa hatua chache kutoka njia panda ya Makambako, mahali ambapo malori ya barabara kuu hayalali. Mlangoni palipangwa mifuko ya mbolea. Nyuma, uani, Oktavia aliona miche ya parachichi kwenye viriba vyeusi, safu kwa safu, mamia. Alimwacha konstebo wake kwenye gari, akaingia na tawi la mtufaa lenye majani, alilolikata kwenye mti mwingine wa shamba la marehemu.

"Karibu, dada, karibu." Amon alikuwa na tabasamu la mwenye duka na kitambaa cheusi cha msiba kwenye mkono wa shati. "Judith, mletee afande soda. Huyo Mkinga keshakiri?"

"Bado kidogo. Nimekuja kunyoosha maelezo yako, nisije nikaaibika mbele ya hakimu. Miche ile ni ya nani?"

"Ya wateja. Parachichi ndiyo habari ya mjini sasa."

Judith, msichana wa kaunta, aliweka soda mezani. "Si ile ya shamba la baba mkwe, bosi? Imekaa wiki tatu, mpaka mingine inakauka."

"Nenda kahesabu mabomba ya kunyunyizia, Judith."

Judith hakwenda mbali.

"Mlikubaliana naye mzee apande parachichi?" Oktavia aliuliza.

"Alikuwa karibu kukubali. Wazee unawajua, wanataka kubembelezwa."

"Mara ya mwisho kumbembeleza ni lini?"

"Hiyo Ijumaa. Kabla ya hapo sikukanyaga Njombe wiki nzima. Kazi."

"Jumatano?"

"Dukani. Kutwa."

Judith alikuwa ameshika bomba moja mkononi, mdomo wazi. Oktavia alimgeukia. "Wateja walikuwa wengi Jumatano, mdogo wangu?"

"Jumatano..." Msichana alimtazama bosi wake, kisha sakafu. "Jumatano mimi nilikaa nje mpaka saa kumi. Ufunguo alikuwa nao yeye."

"Nilikuwa nafuata mzigo Iringa," Amon akasema haraka. "Nimesahau. Msiba unachanganya."

"Unachanganya kweli." Oktavia alikunywa soda funda moja. "Tuiache Jumatano. Ya Ijumaa unaikumbuka?"

"Kama leo. Mzee juu ya ngazi, ananyonyoa, gunia limetundikwa tawini. Hata mimi nilimsaidia tawi moja mbili."

Oktavia alilaza tawi la mtufaa juu ya kaunta. "Hakimu ni mtu wa pwani, hajui kunyonyoa ni nini. Nataka niandike vizuri. Nionyeshe mzee alivyokuwa anafanya."

"Hivi tu." Amon alicheka, akakunja mikono ya shati, akashika jani la kwanza na kulivuta kuelekea chini. Akashika la pili, la tatu. Alikuwa na nguvu za mikono. Majani yalitoka kwa sauti ndogo ya kuchanika. "Hivi, mpaka juu. Kazi ya mtoto."

"Na ndivyo ulivyomwona mzee akifanya, kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Oktavia aliandika sentensi hiyo, akamgeuzia daftari aisaini. Amon akasaini. Ndipo Oktavia alipofungua bahasha, akatoa jani kutoka gunia la shambani na kuliweka sambamba na yale matatu. Kwenye vikonyo vyote vinne palining'inia jicho la kahawia na kijipande cha ganda.

"Unaona hiki, shemeji? Hili ni tufaa la mwakani. Mzee Fidelis alikuwa anamnyima mtu chai kwa jicho moja. Wewe unasema ulimwona anang'oa elfu nzima."

Amon alitazama kaunta. "Alikuwa amezeeka. Mikono inatetemeka."

"Mikono iliyoweza kuweka nukta hii?" Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Nyekundu ni Jumapili. Hesabu mwenyewe."

Hakuhesabu. Alisoma njia ile nyeupe kwa macho, kutoka kwenye nyekundu hadi bluu ya tatu, na kutoka hapo hadi mwisho usio na alama yoyote. Alisoma tena. Mkono wake ulianza kukusanya majani yake matatu taratibu, kama mtu anayefuta meza.

"Yaache hapo," Oktavia alisema. "Hayo sasa ni ya serikali. Uliyatia gunia zima kwa mkono wako, Amon, na kila jani lilikuwa na tarehe."

"Ni majani tu hayo," Amon alisema kwa sauti ya chini. "Shamba zima, maisha yake yote, majani tu."

Konstebo alikwisha kusimama mlangoni. Judith aliweka bomba chini, akavua aproni ya duka, akaikunja mara nne.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini Oktavia alipompigia simu mkuu kutoka kando ya gari. Alieleza kwa maneno machache, akasikiliza, kisha akasema, "Ndiyo, afande. Zichane." Akaomba apewe Yusto.

Malori mawili yalipita.

"Afande," Yusto alisema mwishowe, "yote yamekwisha? Majani yenye nukta, yote kayang'oa?"

"Yote kumi na manne."

"Na miti mingine? Kuna kidomozi aliyebaki?"

Oktavia alitazama tawi mkononi mwake. Kati ya majani ambayo Amon hakuyafikia, moja lilikuwa na njia nyeupe, bado fupi, nyembamba kama uzi.

"Hapa nimeshika mmoja. Ila tawi nimelikata. Sijui ataishi siku ngapi."

"Litie kwenye maji. Leo Jumatatu, afande. Mzee angeweka bluu."

Oktavia alitoa kalamu mfukoni, akalilaza jani juu ya boneti ya gari na kuitafuta ncha ya ile njia.